Filamu Moja ya Mjomba Wangu

Mwaka jana nilirudi Kindu kwa matanga ya binamu yangu. Kijana mmoja alikuwa akipita katikati yetu wanawake tuliokaa chini, simu mkononi, akituchukua picha zinazotembea ili ndugu walioko Ulaya nao walie pamoja nasi. Aliponifikia aliinama mpaka simu ikakaribia pua yangu, akaniita koko, yaani bibi: "Koko, angalia huku, ulie kidogo." Wanawake wakacheka chini chini, maana hata matangani watu hucheka. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilimwambia, "Mutoto, weka kwanza hiyo kitu chini, ukae na sisi. Tukikuzoea, njo utapiga." Njo kwetu ni ndiyo, ni ndipo. Alinitazama kwa heshima ile vijana wanayowapa wazee wasiojua kitu, akaenda kwa mwingine. Hakujua kwamba maneno yale si yangu. Yalikuwa ya mjomba wangu, ndugu ya mama, aliyefanya filamu moja tu maishani mwake, na mimi nilikuwepo ilipokufa.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, rafiki yangu, kwa sababu wengi waliokuwa wakiijua habari hii wamekwisha kututangulia.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, na serikali yao tuliiita Bula Matari. Tulikaa kwa bibi, mama yake mama, upande wa Kasuku, kati ya Waislamu ambao mababu zao walifika na misafara kutoka pwani. Kulipambazuka kwa adhana, kisha firimbi ya gari la moshi kule stesheni, kisha michi ya majirani, kila mmoja na mlio wake, hata ungeweza kujua nani ameamka na hasira. Bibi alipika wali kwa mawese kidogo, ukawa mwekundu kwa chini, na sombe iliyochemka mpaka nyumba nzima inanuka majani ya muhogo. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mawe ndani ya mchele. Likinipita moja, na mjomba akaling'ata, alilitoa mdomoni, akaliweka mbele yangu na kuniuliza ni mgeni wa nani huyu, mbona hakukaribishwa vizuri. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko chake nakikumbuka kuliko kitu kingine chochote chake.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa bibi. Walimpeleka shule ya misheni kwa sababu karibu hapakuwa na nyingine, na bibi aliishi miaka yote ile akiogopa watambatiza. Hawakumbatiza. Walimwonyesha senema, na kwa bibi hiyo ilikuwa karibu sawa.

Kulikuwa na padri mwenye ndevu ndefu, aliyekuwa na kamera ya kuvutwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Mjomba alianza kwa kumbebea masanduku, akaishia kuijua kamera ile kuliko mwenyewe. Aliweza kuweka filamu ndani huku mikono yote imo katika mfuko mweusi usiopitisha mwanga, na mdomo wake unakuletea habari za mpira. Filamu za padri zilikuwa za kutufundisha: sabuni, mbu, mtu mvivu. Hazikuwa na sauti, basi mjomba alisimama kando ya shuka jeupe na kutuelezea kwa Kiswahili yanayotokea. Hapo ndipo kichwa chake kigumu kilipoanza kuonekana. Mvivu wa kwenye filamu alilala mkekani huku paa linavuja, na padri alikwisha kumwagiza mjomba aseme: tazameni ubaya wa uvivu. Mjomba alimpa yule mtu sauti yake mwenyewe: "Muke wangu, uniache nilale. Natoka mu kazi ya barabara, mugongo wangu ungali kule." Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Padri, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, alifurahi sana kuona somo limeingia.

Bibi alipoipata habari alimwita mjomba, akamwambia mwenye nguvu mpishe. Mjomba akaitikia ndiyo mama, na siku ya pili yake akafanya vile vile. "Sikio la kufa halisikii dawa," bibi akasema, akamwekea chakula.

Kisha padri akaugua, akarudishwa Ulaya kutibiwa. Alimwachia mjomba kamera, masanduku machache ya filamu, na karatasi yenye amri: atengeneze filamu ya nyumba safi. Mwanamke afagie, afue, aanike, aoshe mtoto, na wote wacheke mbele ya mlango. Mjomba alimchagua mama awe yule mwanamke, kwa sababu ndiye mtu pekee mtaani asiyemwogopa yeye na mashine yake. Mtoto wa kuoshwa nilikuwa mimi.

Sikiliza sasa alivyofanya kazi. Kwa siku nyingi alitembea mtaani na kamera tupu. Aliivuta ufunguo, ikalia mrrr, na watu wakajipanga. Wazee walivaa kofia zao za Idi, wanawake walitoa vikwembe vipya, yaani vitenge, sandukuni, watoto tulicheza ngoma mpaka vumbi likatufunika. Watu walimwuliza picha ziko wapi, naye akajibu bado. Mwisho walichoka. Yule mwenye kofia ya Idi akarudi kushona nyavu zake, wanawake wakarudi kugombana kisimani, na hakuna aliyegeuza shingo mjomba alipopita. Siku ile ndipo alipoweka filamu ndani. Nilipojua kwamba ngoma yangu nzuri kuliko zote niliichezea sanduku tupu, nilinuna, nikakataa kula. Akaniambia kwamba ile haikuwa mimi, ilikuwa mtoto anayetaka kutazamwa, na watoto kama wale wako wengi.

Alimpiga mama picha akifagia na akifua, kama karatasi ilivyotaka. Kisha akamfuata mahali karatasi haikusema. Wanawake wote wakati ule walilazimishwa kulima mpunga kwa ajili ya Bula Matari, upende usipende, na siku ya mzani, ya kupimiwa mavuno, walibeba vikapu vyao alfajiri na kungoja juani mpaka bwana mkubwa aamke, anywe kahawa yake, na afike. Mjomba alisimamisha kamera mbele ya mstari ule. Hakuna aliyemjali, walikwisha kumzoea. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kikapu chake, kitambaa kichwani. Mimi nilisimama kando ya mjomba, nikichezea miguu ya kamera. Mama aliinua kichwa, akanitazama, na akaendelea kunitazama hivyo mpaka ufunguo ukaisha nguvu.

Filamu ilipanda gari la moshi kuelekea Kongolo, na kutoka hapo ikaenda Ulaya, ambako ndiko filamu zilikosafishwa ili picha zionekane. Ilikuwa nakala moja tu. Hatukujua itarudi lini, tukaanza kungoja.

Wakati tunangoja, baba, ambaye alikuwa mwashi wa madaraja kwenye barabara ya Lubutu, alituma maneno mama amfuate. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Mama alipanda lori na bakuli la wali lililofungwa kwa kitambaa, akaniambia atarudi mpunga mpya ukikomaa. Homa ilimchukua kule. Walimzika siku ile ile, kama inavyotakiwa, na habari ilitufikia baadaye, kwa mdomo wa dereva aliyesimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

Bibi hakuuliza alikufa namna gani. Aliuliza, "Nani alimuosha?" Dereva hakujua. Baba naye, aliporudi na uso umekonda, hakujua; walikuwa wanawake wa kule, alisema, wanawake wazuri. Bibi aliendelea kuuliza. Mtu yeyote aliyetoka njia ya Lubutu, awe mchuuzi wa samaki wakavu au askari wa likizo, aliitwa kwetu, akapewa maji ya kunywa, kisha akaulizwa swali lile moja. Bibi alikuwa ameosha maiti za dada zake na ya mama yake. Binti yake mmoja tu ndiye aliyeoshwa na mikono asiyoijua. Kila siku baada ya alasiri alikaa mkekani, akalia, na tulijifunza kutembea tukimzunguka. Matanga yaliisha, arobaini ikapita, kilio hakikuisha.

Basi filamu ikarudi. Mjomba alifungua bati chumbani kwake, akauinua ule utepe dirishani, akaniita. Nilimwona mama yangu katika vipicha vidogo sana, mmoja juu ya mwingine, wengi kupita hesabu, wote wameketi kwenye kikapu kimoja. Nilitaka kugusa. Aliniondoa mkono: nilikuwa nimetoka kunawa, na tone moja la maji, alisema, linatosha kumwondoa mama pale. Kisha akaniambia nisimwambie bibi. "Tungoje. Nitamuonyesha mimi mwenyewe, pole pole."

Alipaswa kwanza kuionyesha kwa wakubwa. Walifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi mchana kweupe: bwana mmoja wa serikali na padri mgeni aliyeshika nafasi ya yule wa ndevu. Mjomba alinileta, akanikalisha kwenye benchi kando ya mashine, na alipoulizwa mtoto huyu wa nini, alijibu kwamba mama yake yumo. Nilimwona mama akitembea. Alifagia, akainama, akapangusa jasho kwa kiwiko kama alivyozoea. Nilisema "Mama!" kwa sauti, na mjomba akaweka mkono wake begani kwangu. Halafu ukaja mstari wa vikapu. Wale wakubwa wawili wakaacha kuvuta sigara.

Mama alipoinua macho, bwana wa serikali alisimama. Alisema yule mwanamke anawatazama kwa dharau, na kwamba mstari wote ule ukatwe na uchomwe moto, ibaki nyumba na nguo. Mjomba alisema, "Bwana, anaangalia mutoto wake. Mutoto njo huyu." Walinitazama. Bwana akacheka, akasema ukate. Mjomba akajibu kwa Kifaransa, na baadaye alinitafsiria nilipomwuliza: nikitoa pale, dada yangu atabaki mtu wa kufua tu, na hayo hayakuwa maisha yake. Alizima mashine, akaikunja filamu, akaitia ndani ya bati, akanishika mkono tukatoka. Sikuwa nimepata kuona mtu mweusi akiwapa kisogo wakubwa kabla hawajamruhusu.

Nyumbani alimkuta bibi mkekani. Alimwekea bati mbele. "Mama, ukalie hii. Usiulize." Bibi alilisukuma chini ya kikwembe chake, akakaa juu yake, akaendelea na tasbihi. Askari wawili walikuja jua likiwa bado juu. Walipekua sanduku la mjomba, walimwaga mchele wangu niliokwisha kuuchagua, walichungulia hata chunguni.

"Mama, ulamuke kidogo," mmoja akamwambia bibi, akimwashiria ainuke.

"Silamuki," bibi akasema. "Mutoto wangu alikufa. Uko na mama, wewe?"

Askari alikuwa na mama. Alitazama chini, akamwambia mwenzake twende. Lakini walimchukua mjomba kwa kosa la kuwadharau wakubwa, na akalala boloko, ndivyo tulivyoita gereza, majuma mawili.

Hapo sasa ndipo ninapoingia mimi. Siku ya tatu bibi alilitoa lile bati, akaligonga kwa kidole. "Iko nini mule ndani, mupaka wanamufunga mutoto wangu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimebeba siri ile peke yangu, mjomba hayupo, na yule aliyekuwa akilia kila alasiri alikuwa bibi yangu. Nikasema, "Mama njo iko mule."

Bibi alilivuta bati mapajani. Alifungua bati, nami nikamnyoshea utepe mbele ya jua, nikamwonyesha kwa kidole: huyu hapa, na huyu, na huyu. Macho ya bibi yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Aliona mwanga tu na ukanda mweusi. Aliupitisha katikati ya vidole vyake, taratibu, kama anayetafuta uvimbe kwenye mkono wa mgonjwa. Kisha akaniuliza, "Yeye muzima?" Nikasema ndiyo, mzima, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akasema, "Basi wamenirudishia."

Alinituma kumwita jirani yetu, mwanamke aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani. Jirani alikuja, akaelezwa, akakaa akishika kidevu. Aliogopa, akataka mwalimu wa chuo cha Kurani aulizwe. Mwalimu alifika akasimama mlangoni, mtu mpole, akamwambia bibi kwamba mtu huoshwa mwili, haoshwi kivuli. Bibi alimjibu bila kuinua kichwa, "Mwili walininyima. Kivuli njo nilipata." Mwalimu akafuta macho, akaenda zake bila kukataza. Jirani akakunja mikono ya nguo.

Nilipewa kazi ya birika. Maji yalichemshwa, yakapozwa kidogo tu, yakatiwa kafuri. Bibi aliufungua ule utepe ndani ya beseni jeupe, akaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa, kwa sabuni, kwa kiganja, akinong'ona majina ambayo alimwita mama alipokuwa mchanga. Mara ya kwanza maji yalibaki meupe. Mara ya pili niliona weusi unaachia, laini kama utando wa uji, unashikamana na vidole vya bibi, unaelea. Jirani alifikiri ni uchafu wa safari, akasema afadhali tumemwosha.

Mimi nilijua. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kuliko wote waliokuwa kwenye ua ule. Nilikuwa na mdomo. Lakini nilimtazama bibi na nikaona kwamba alasiri imepita na halii. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa kabla ya dereva na kofia yake. Akasema, "Ongeza maji, mama," maana mimi nina jina la mama yake. Nikaongeza. Mara ya tatu utepe ulitoka mweupe kabisa, unapitisha jua kama kioo.

Waliukunja ndani ya kitambaa cheupe chenye marashi. Bibi alichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba, karibu na mlimao. Usiku ule alikula.

Mjomba alirudi amekonda, amenyolewa kichwa. Kabla ya kukaa aliuliza bati liko wapi. Bibi alimshika mkono, akampeleka nyuma akiwa na furaha ya mtu anayemwonyesha mgeni chumba kipya. "Nimemuzika dada yako. Nimemuosha mimi, na mikono yangu." Mjomba alinigeukia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Maji?" Nikasema ya moto. "Ulimwambia yanafuta?" Nikatikisa kichwa kukataa. Nilifikiri atanipiga, nami nilitaka anipige. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo, akainua mikono akasoma fatiha. Aliposimama alimwambia bibi, "Aksanti, mama." Mpaka bibi anakufa hakuna aliyemwambia kwamba maji yaliifuta picha.

Padri wa ndevu alirudi baadaye, akasikitika, akampa mjomba kamera tena na kumsihi waanze upya. Mjomba aliigeuza geuza, akaivuta ufunguo, akaisikiliza inalia, akamrudishia. Aliingia kazi ya reli akaandika majina ya stesheni kwenye mbao kwa rangi nyeupe. Uhuru ulipokuja, vijana waliosikia sifa zake walimfuata wakitaka awafundishe. Aliwafundisha kungoja, wakachoka wakaenda. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinielemea kuliko fimbo. Siku chache kabla hajafa nilimwuliza kama alikuwa na uchungu na bibi. Alisema filamu yake ilionwa na watu wanne tu, wawili waliichukia, na wa tatu alikuwa yeye. Hakumtaja wa nne.

Nyumba ya bibi haipo. Mlimao ulikatwa, na pale sasa watu wa pikipiki huoshea pikipiki zao; nilikwenda nikasimama, kijana akaniuliza kama nataka kupelekwa mahali. Mstari wa vikapu hakuna anayeukumbuka, maana wale waliokaa juani siku ile wote wamekwisha. Nami nimekuwa mzee kuliko mama alivyopata kuwa, mara mbili na zaidi. Nimejaribu miaka yote kuurudisha uso ule uliokuwa ukinitazama. Kitambaa nakipata, kikapu nakipata, kiwiko kinachopangusa jasho nakipata. Uso ulitoka mbele ya macho yangu, ndani ya beseni, nami ndiye niliyekuwa nikimimina. Wajukuu wangu wakiniuliza mama yangu alikuwa na sura gani, nawaambia alikuwa mzuri sana, kwa sababu ndivyo watu husema juu ya mama.